Vanishi Hii Ni ya Nani?

Asanteni kwa kufika. Mimi husafisha sanamu zilizopakwa rangi, na swali langu kila mara ni hili: vanishi iliyo juu yake niitoe au niiache? Nianze na kitu kidogo cha kukaa mezani: sanamu ya glasi ya absinthe, pombe kali ya mitishamba, aliyoifinyanga msanii Picasso mwaka 1914. Zilimiminwa nakala sita za shaba. Tano alizipaka rangi, kila moja kivyake. Ya sita akaifunika kwa mchanga. Yeye na mchoraji mwenzake Braque walipenda rangi kavu isiyong'aa, kama chokaa ya ukutani. Hata hivyo michoro mingi ya enzi ile ilikuja kupigwa vanishi na mikono mingine, maana king'aacho huuzika.

Mwenye mlango wa mninga anajua vanishi huzeekaje. Nyeupe hugeuka rangi ya samli, buluu hugeuka kijani. Na kadiri utomvu wa mti uliotengenezea vanishi unavyozeeka, ndivyo unavyodai kiyeyusho, yaani dawa ya kuuyeyusha, kikali zaidi. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kinachoishinda vanishi kuukuu huweza kuishinda na rangi iliyo chini yake. Rangi ya akriliki, ile ya plastiki, ukiigusa kwa kiyeyusho kama asetoni huvimba, huanza kunata, mwisho huondoka na pamba. (Vanishi ya sandarusi, utomvu wa kale ulioganda ardhini, waliouchimba wazee wetu wa pwani na Zanzibar ikauuza hadi Salem, Marekani, ni ngumu mno kuitoa. Hilo nalo ni letu.)

Kwa hiyo naanza gizani, na taa ya urujuanimno (UV). Vanishi ya utomvu wa asili hutoa mwanga wa kijani-kijani; palipotiwa rangi baadaye huonekana peusi. Kisha pamba kwenye kijiti, mahali padogo kama punje ya mchele, nyuma ya sanamu. Naiviringisha, sisugui. Pamba ikitoka na manjano, naendelea. Ikitoka na wekundu wa sanamu yenyewe, naacha siku hiyohiyo.

Mchoro unaulaza mezani. Sanamu ina makwapa na mikunjo, na kiyeyusho huteremka kikatuama usikokuona. Ndiyo maana tunakifunga ndani ya jeli. Tena watu huizunguka: ukisafisha uso ukaacha mgongo, umetengeneza sanamu mbili.

David Smith, mchongaji wa chuma wa Marekani, aliona kazi yake ya 1950 imeng'olewa rangi nyekundu baada ya kuuzwa. Mwaka 1960 aliandika barua kwenye jarida la sanaa akaikana hadharani, akasema si yake tena. Mimi nikikosa uhakika ni nani aliyepaka vanishi, naipunguza tu, nabakiza utando mwembamba. Atakayekuja baada yangu ataweza kuutoa. Kuurudisha hataweza.