Jiwe huangushwa na saa, si na shuka la mpira

Ndugu wasikilizaji, ile picha ya shuka la mpira lenye tufe zito katikati na gololi zikilizunguka, inayotumika kueleza mvutano kwa nadharia ya Einstein, tuiweke kando. Gololi huteremka pale kwa sababu Dunia inaivuta kutoka chini, yaani tunaeleza mvutano kwa mvutano. Tena shuka linaonyesha nafasi peke yake, ilhali kinacholiangusha jiwe ni wakati.

Mwaka 1915 Einstein alilieleza hivi: kitu kilichoachwa huru hakivutwi na nguvu yoyote. Kinapita njia ambayo saa yake yenyewe itahesabu muda mrefu kuliko njia za jirani. Sasa, saa ikiinuliwa mita moja hapa duniani hutangulia sekunde 1 katika miaka milioni 290 hivi. Lakini saa inayokwenda mbio huchelewa. Jiwe limebanwa kati ya hayo mawili.

Rusha jiwe wima, lirudi mkononi baada ya sekunde 2. Litapanda mita 4.9. Kwa nini kimo hicho hasa? Lingebaki mkononi, saa yake isingepata ziada yoyote ya muda kuliko saa ya mkononi. Lingebebwa hadi nusu ya kimo, kwa mwendo wa umbo lilelile na sekunde zilezile 2, lingepata robo tatu tu ya ziada. Lisukume hadi mita 9.8 kwa muda huohuo: mbio zinakula ziada yote, sifuri! Kilele cha ziada kiko kwenye mita 4.9, na ziada yenyewe ni sekunde 0.00000000000000036. Punje hiyo inatosha, maana sekunde 2 kwa kipimo cha mwanga ni kilomita 600,000, mita 4.9 katika urefu huo ni karibu mstari mnyoofu.

Mwanahisabati atanikatiza hapa, na ana haki: tofauti ya saa hata roketi inayoongeza kasi huileta. Mpindo halisi wa wakati na nafasi ni kwamba tofauti hiyo hailingani kila mahali. Mawe mawili yaliyodondoshwa bega kwa bega husogeleana kidogo yakielekea kitovu cha Dunia.

Na nafasi je? Kwa jiwe, mchango wake haufai hata kutajwa. Kwa mwanga ni nusu nzima. Mwali unaopita ukingoni mwa Jua, ukihesabu wakati pekee, unapinda sekunde 0.87 za pembe (sekunde ya pembe ni 1/3600 ya digrii). Ukiongeza nafasi, 1.75. Kupinda huko kulipopimwa wakati wa kupatwa kwa Jua kwa 1919, Sobral huko Brazili ilitoa 1.98 na kisiwa cha Principe, Afrika Magharibi, 1.61.