Anza Katikati: Maswali ya Makundi Yanayoingiliana na Mchoro wa Venn

Walimu wenzangu wa hisabati, wazazi, na vijana wetu mliofika hapa Chake Chake, asalamu alaykum.

Nimeombwa nizungumzie maswali ya makundi yanayoingiliana. Nilipokuwa mwanafunzi niliyakosa mara nyingi, na kwa miaka niliamini kwamba kosa langu lilikuwa la kujumlisha, kumbe lilikuwa la kusoma.

Chukueni shehia yenye kaya 56. Kaya 32 zina mikarafuu, 27 zina minazi, na 20 zinalima muhogo. Zenye mikarafuu na minazi ni 14, zenye minazi na muhogo ni 11, zenye mikarafuu na muhogo ni 9, na zenye vyote vitatu ni 5. Je, kaya ngapi hazina hata kimoja?

Mwenye haraka hujumlisha 32, 27 na 20, akapata 79, idadi inayozidi shehia nzima, kwa sababu kaya yenye mikarafuu na minazi ameihesabu mara mbili, na yenye vyote vitatu ameihesabu mara tatu. Mchoro wa Venn, yaani maduara yanayopandana, moja kwa kila kundi, unazuia jambo hilo, kwani humo kila kaya ina mahali pamoja tu pa kukaa. John Venn, Mwingereza aliyezaliwa Hull mwaka 1834, aliieleza michoro hii katika makala ya mwaka 1880. Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alikwisha kutumia maduara katika mantiki zaidi ya karne moja kabla yake, lakini Venn alitaka kila eneo linaloweza kuwapo lichorwe tangu mwanzo, hata lile ambalo baadaye litaonekana tupu.

Mimi darasani sianzi na ubao. Natandaza sakafuni vitanzi vitatu vya kamba ya usumba vinavyopandana, kisha nachukua kete za bao, ambazo ni 64, nikaweka 8 kando na kumkabidhi mtoto 56 zilizobaki. Huanza katikati, pale vitanzi vyote vitatu vinapokutana, akaweka kete 5. Halafu hufika penye mtego: kaya 14 zenye mikarafuu na minazi. Siku moja msichana aliweka kete 14 pembeni mwa zile 5, akazitazama kwa muda, kisha akaziokota 5 bila kuambiwa na mtu, zikabaki 9. Alikuwa ameelewa kwamba mwenye vyote vitatu ana mikarafuu na minazi pia, na kwamba swali halikusema “mikarafuu na minazi tu”.

Ndugu zangu, neno hilo “tu” ndilo ningependa tulifundishe kwa bidii kuliko kanuni yoyote. Mtoto wetu wa sekondari husoma swali kwa Kiingereza, akalifikiri kwa Kiswahili, na mara nyingi neno hilo dogo humponyoka njiani. Mwacheni alieleze swali kwa maneno yake kabla hajashika kalamu.

Yaliyobaki ni mepesi. Minazi na muhogo bila mikarafuu ni 6, mikarafuu na muhogo bila minazi ni 4. Kutoka 32 tunaondoa 9, 4 na 5, tunapata kaya 14 zenye mikarafuu tu. Kwa njia hiyohiyo minazi tu ni 7 na muhogo tu ni 5. Maeneo yote saba yanatoa 50, na kete 6 zinabaki nje ya vitanzi. Hilo ndilo jibu letu.

Wakati mwingine mtungaji huficha katikati penyewe. Katika wanafunzi 40, tuseme 27 wanacheza mpira, 18 wanacheza bao, na 3 hawachezi chochote. Wanaocheza yote mawili ni wangapi? Tuwaite x, kisha tuwaweke walewale 3 nje kwanza, ili ndani wabaki 37. Mpira tu ni 27 kutoa x, bao tu ni 18 kutoa x, na tukijumlisha maeneo matatu tunapata 45 kutoa x, sawa na 37. Basi x ni 8. Msimruhusu mwanafunzi afunge daftari hapo. Arudi kwenye mchoro, aandike 19, 8, 10 na 3, ahakikishe kwamba jumla yake ni 40.