Kupima Bila Kutahini: Kazi ya Mwalimu wa Kujitolea wa Kisomo

Asalaam aleykum, na habari za asubuhi kwenu nyote.

Upimaji si mgeni mkoani Tanga. Pangani ilikuwa katika wilaya sita zilizotangulia kwenye kampeni ya kufuta ujinga mwaka 1971, na Agosti 1975 nchi nzima ikafanya mtihani wa kisomo, yaani wa watu wazima wanaojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtihani ule ulihesabu watu. Kazi yenu ni nyingine: kujua Bi huyu wa darasani kwako amekwama wapi, ili kipindi cha Jumatano mjue pa kuanzia.

Kosa kubwa ni kudhani kukariri ni kusoma. Darasa zima linaimba ba-be-bi-bo-bu, mwalimu roho kwatu. Hebu funika mstari, onyesha “bo” peke yake, kisha “bu”, kisha “mbo”. Hapo utamjua aliyeshika wimbo na aliyeshika herufi.

Kwa hiyo usimpimie ukurasa aliouzoea. Mwandikie kifungu kipya cha maneno 50 hivi, kuhusu dagaa wa Deep Sea, soko la samaki la Tanga, au uanikaji wa mwani, mkae kando dakika 15. Akisoma, weka alama kwenye nakala yako: mkwaju (/) kwa neno alilokosea, duara kwa alilojirekebisha mwenyewe. Duara lisikutie wasiwasi. Ni dalili kwamba anafuatilia maana. Makosa yakizidi 5, kifungu hicho ni kizito kwake, mteremshie. Halafu muulize maswali 3 yasiyojibika bila kusoma, maana muuza dagaa anaijua bei bila karatasi yako. Wapo wanaotamka kila neno sawasawa na hawajui wamesoma nini: nguvu zote zimeishia kwenye kuunganisha silabi.

Lafudhi ya Kisambaa au Kidigo msiihesabu kuwa kosa, alimradi neno kalielewa. Na aliyevuka miaka 40 akiinyoosha karatasi mbali na uso, huenda anachohitaji ni miwani.

Hesabu ina mtego wake. Mtu anayerudisha chenji haraka kuliko wewe, mwambie aandike elfu moja na tano: ataandika 10005. Ameandika alivyosikia. Kukokotoa anajua, nafasi za tarakimu ndizo hajazijua. Daftarini andika hivyohivyo, usiandike “hesabu dhaifu”. Vilevile “anaendelea vizuri” haimfai mwalimu atakayekupokea. “Anaandika ngombe badala ya ng'ombe” inamfaa.

Kila wiki 6, msomee sentensi 5 za imla. Tia tarehe, usichore wino mwekundu juu ya karatasi hiyo, itunze. Ya pili iwekeni kando ya ya kwanza, atazame mwenyewe.

Matokeo hayasomwi hadharani. Kituo kimoja huweza kuwa na mama mkwe na mkaza mwana wake. Mama akisikia kapitwa, wiki ijayo ana harusi, inayofuata ana matanga, kisha hamumwoni tena. Mwite pembeni, na uanze na lile aliloliweza.