"Anakula Vizuri" Si Ushahidi: Mhadhara Kuhusu Meno ya Fereti Aliyeokolewa

Mabibi na mabwana, wafugaji wenzangu, nawashukuru kwa kufika. Wengi wenu mnamfahamu fereti, yule mnyama mdogo mwenye mwili mrefu anayefugwa nyumbani, kwa hiyo sitatumia muda kueleza undugu wake na kicheche wala mazoea yake ya kulala sehemu kubwa ya siku. Ninayetaka kuzungumza naye leo ni yule ambaye amemchukua fereti kutoka kituo cha wanyama waliookolewa, akaambiwa kwamba meno yake si mazuri, kisha akatulizwa moyo kwa maneno mawili ambayo nimeyapinga kila nilipopewa nafasi ya kusema: "Anakula vizuri."

Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado mnyama akawa anaumwa mchana na usiku. Fereti ni mla nyama, lakini kwa udogo wake yeye pia ni windo la wanyama wakubwa, na mnyama wa namna hiyo hatangazi udhaifu wake. Isitoshe, chakula hupita katika utumbo wake kwa muda wa saa 3 hadi 4 hivi, kwa hiyo njaa humrudia upesi na hana nafasi ya kususa kama mbwa anavyoweza kususa kwa siku nzima. Atatafuna kwa jino lililovunjika, atatafuna kwa ufizi unaotoka damu, na bakuli litakuwa tupu. Bakuli tupu linatueleza kwamba alikuwa na njaa, na habari za kinywa chake lazima tuzitafute kwingine.

Niruhusuni nieleze habari za dume mmoja mzee, ambazo baadhi yenu mmezisikia, nami nitazirudia maadamu bado watu wanapeleka nyumbani wanyama walio katika hali kama yake. Alikuwa amefungiwa muda mrefu katika kizimba cha nyaya, na kazi yake ilikuwa kuziuma nyaya hizo. Mama aliyemchukua alikuwa mlezi makini sana: alipima chakula, alibadilisha matandiko, aliandika kila kitu. Alipokuja kuniona hakutaja meno hata mara moja. Alitaka kujua kwa nini mnyama wake hachezi, kwa nini harukiruki kinyumenyume na mgongo umepinda kama fereti wengine wanavyofanya wakifurahi, na alikwisha kujijibu kwamba ni uzee.

Nilimwomba tuketi tumtazame akila, kwa sababu watu wengi huweka chakula kisha huondoka, wakarudi kuangalia bakuli badala ya kumwangalia anayekula. Mzee yule aliinamisha kichwa upande mmoja. Alitafuna kwa magego ya kushoto peke yake, punje kadhaa za chakula kikavu zikamdondoka, akarudi kuziokota moja moja, akasita, kisha akaendelea. Mama yule alikuwa ameyaona hayo siku zote na kuyahesabu kuwa ni tabia yake. Tukamshika kwa ngozi ya nyuma ya shingo, huku tukiubeba mwili wake kwa mkono wa pili. Fereti akishikwa hivyo hulegea, na mara nyingi hupiga miayo mipana, na hapo ndipo mnapoweza kuyaona meno yake bila kumlazimisha afungue kinywa. Chonge ya juu upande wa kulia ilikuwa imevunjika ncha, na katikati ya pale palipovunjika palikuwa na nukta nyeusi.

Naomba mkumbuke nukta hiyo hata mkisahau mengine yote. Inaonyesha kwamba jino limefunguka hadi kwenye kiini chake, mahali penye neva na mishipa ya damu, na kwamba vijidudu vya kinywani vina njia ya kufika kwenye mzizi. Daktari alipopiga picha ya eksirei alikuta usaha umekwisha kujikusanya huko. Jino liling'olewa, dawa zikatumika hadi mwisho, na baada ya kidonda kupona mzee yule akaanza kurukaruka sebuleni kwa umri ule ule aliokuwa nao.

Najua kuna atakayesema kwamba fereti wake ana chonge iliyovunjika tangu zamani na haijamsumbua. Ncha iliyomeguka kidogo bila kufika kwenye kiini inaweza kweli kuachwa, mradi daktari ndiye aliyeamua hivyo na awe anaikagua kila mara. Ikiwa kiini kimefunguka, hali ni nyingine kabisa. Jino hilo hufa polepole, hugeuka rangi ya kijivu, na maumivu makali huweza kutulia kwa muda kwa sababu neva imekufa. Mfugaji hufurahi, kumbe uambukizo unaendelea chini kwa chini hadi siku atakapoona uvimbe chini ya jicho. Tiba zake ni mbili, kung'oa jino au kutibu mzizi wake, na ninakosa subira kabisa na wanaoitaja kungoja kana kwamba ni tiba ya tatu.

Hata hivyo, ninyi mnaonisikiliza msiende nyumbani kulisingizia jino kila kitu. Fereti akisaga meno, mara nyingi anaumwa tumbo, kwa kuwa vidonda vya tumbo ni vya kawaida kwao; vinahusishwa na bakteria aitwaye Helicobacter mustelae, na mfadhaiko wa kuhamishwa nyumba unaweza kuvichochea. Akipapasa mdomo wake kwa kucha na kutokwa na mate, huenda anahisi kichefuchefu kwa sababu sukari imeshuka katika damu. Fereti waliokwisha kuvuka ujana hupata sana uvimbe wa kongosho unaomwaga kupita kiasi insulini, homoni inayoshusha sukari, na dalili zake nyingine ni kukodoa macho pasipo kuangalia kitu na kulegea kwa miguu ya nyuma. Mnyama wa namna hiyo akipelekwa moja kwa moja kung'olewa jino, akanyimwa chakula usiku kucha kama mbwa, anaweza kufa kabla hajaguswa. Ombeni damu ipimwe sukari kabla ya nusukaputi, na muulize mapema ni saa ngapi hasa anatakiwa kukaa bila kula, kwa maana kwa fereti huwa ni chache mno.

Wakati mnasubiri siku ya matibabu, lainisha chakula chake. Loweka punje anazozijua kwa maji ya uvuguvugu hadi zivurugike, mpe kidogo kidogo mara nyingi, na uondoe mabaki kabla hayajachacha. Usimbadilishie chakula ghafla ukidhani unamfanyia hisani, kwa sababu fereti hujifunza harufu ya chakula akiwa mdogo na anaweza kukikataa kile asichokitambua hata kama ni nyama bora. Kipya kichanganywe katika cha zamani kwa kiasi kinachoongezeka taratibu. Mpime uzito kwa mizani ya jikoni na uandike, kwa kuwa jike wengi hawafiki hata kilo moja, na gramu chache zinazopotea kwa mwili wa namna hiyo ni jambo kubwa. Kuhusu maumivu, tumieni dawa aliyoandika daktari wa wanyama peke yake. Paracetamol na ibuprofen za kabati lenu zinaweza kumuua, na sitaki kusikia tena habari ya kipande kidogo tu.

Naona muda unakimbia, kwa hiyo kuhusu kupiga mswaki nitasema machache. Kinywa kipone kwanza. Kisha tumieni kitambaa laini kilichozungushwa kidoleni na dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama, kwa sababu ile yetu tunaitema na yeye ataimeza. Mswaki hauondoi ukoga uliokwisha kuwa mgumu, huo ni kazi ya daktari. Kizimba chenye nyaya anazoweza kuzing'ata kiondolewe. Nilikusudia pia kuzungumzia chanjo na kumtenga mgeni na fereti wengine wa nyumbani. Hayo tutayafikia katika maswali.

Nimalizie na usiku wa kwanza baada ya upasuaji, maana ndio wengi wenu mtakaoupitia peke yenu. Atarudi akiwa ametulia na mwili wake umepoa, kwa hiyo mwekeeni joto mahali ambapo anaweza kujisogeza mbali nalo akitaka. Mpeni chakula laini mara daktari atakaporuhusu. Ikiwa saa kadhaa zimepita na hajakubali hata kulamba, au amelegea na haamki mkimwita, mpigieni daktari usiku huohuo.