Nyigu Wawili Msitu Mmoja: Nani Kamtoa Nani?

ATHMAN: ...imeshika? Haya. Asalaam aleikum nyote mnaotuskiza, mimi Athman, niko na dadangu Swabra, tuko Mji wa Kale, Mombasa, kama kawaida na feni yapiga kelele mtusamehe, maana bila feni hapa hukai dakika mbili.

SWABRA: Waaleikum salaam. Na hio kelele ingine ni kunguru wa dirishani kwa Athman.

ATHMAN: Kunguru si wangu! Sasa Swabra, juzi nilikuwa kwa jamaa anayesaga juisi ya miwa pale Mama Ngina, nikaona nyuki na nyigu na nzi wote wamejaa juu ya makapi wanasukumana, nikakutumia voisi nikuulize hawa mbona hawauani, we ukanijibu kwa voisi ya dakika kumi na moja.

SWABRA: Si uliuliza mwenyewe! Na nilikwambia kama wataka kuona nyigu wanaogombania sukari kisawasawa twende Nyuzilandi.

ATHMAN: Nauli utalipa wewe. Haya anza, na uanze mwanzo.

SWABRA: Mwanzo ni huu, Nyuzilandi haikuwa na nyigu wa kuishi kwa koloni kabisa, yaani wale wa malkia na wafanyikazi na kiota cha karatasi. Wote waliopo ni wageni. Sasa 1945, vita ndo vyaisha, kuna masanduku ya vipuri vya ndege yalitoka Ulaya yakafika Hamilton, na ndani mna malkia wa aina iitwayo nyigu mjerumani, wamelala usingizi wa baridi. Malkia akilala hivo ashapandwa tayari, mbegu za dume anazo tumboni, kwa hivo hahitaji mume wala nini, akiamka aanza nyumba.

ATHMAN: Ametoka bandarini na mimba yake kabisa. Sie watu wa bandari hayo twayajua.

SWABRA: Basi akaenea nchi nzima. Alafu mwishoni mwa miaka ya 70 akaingia binamu yake, aina iitwayo nyigu wa kawaida, aligunduliwa Wellington. Na hawa wawili ukiwatizama hivi huwezi kuwatofautisha, wote manjano na nyeusi, mpaka umuangalie usoni. Mjerumani ana vidoa vitatu, huyu mwengine ana alama kama nanga.

ATHMAN: Nanga usoni! Huyo ni baharia.

SWABRA: Ni baharia na ndo aliyeshinda. Lakini ngoja kwanza nikwambie walikuwa wagombania nini, maana bila hivo haieleweki. Kisiwa cha kusini, upande wa juu, kuna misitu ya miti inaitwa biichi, zaidi ya hekta milioni moja, na kwenye gome la miti hio mna vidudu vidogo vimejificha kama magamba, vinafyonza maji ya mti, na sukari inayozidi wanaitoa nyuma, kwa unyuzi mrefu mwembamba kama nywele, na kwenye ncha ya unyuzi kuna tone. Tamu. Mti mzima umening'inia matone.

ATHMAN: Yaani kinyesi.

SWABRA: Kinyesi ukipenda, lakini ndege wa huko walikuwa waishi kwa hicho. Kuna kasuku mkubwa aitwa kaka...

ATHMAN: Kaka? Kama kakangu?

SWABRA: Jina la Kimaori, usinicheke. Kaka huyo na wenzake wanategemea lile tone. Nyigu wakija, kwenye msimu wao wa joto mpaka baridi inapokaribia, wachukua zaidi ya asilimia 90 ya sukari yote. Wamehesabu, hekta moja yaweza kuwa na viota kama 12, na nyigu elfu kumi, ukiwapima wote kwa mizani ni kama kilo 3.8 kwa hekta, na hio yafika au yapita uzito wa ndege na panya na vicheche wa hapo wote ukiwaweka pamoja.

ATHMAN: Subhanallah. Kilo tatu na kitu za nyigu, na nyigu mmoja hata uzito humskii. Sasa Mjerumani si alikuwa wa kwanza? Mbona asishikilie?

SWABRA: Hapo ndo penyewe. Sie hapa tumezoea aliyewahi kiti cha matatu ndo wake. Mjerumani aliwahi kwa miaka thelathini na kitu, na nyigu wa nanga alipoingia kwenye ile misitu ya matone, ndani ya miaka michache tu miaka ya 80 hio, amemuondoa karibu wote. Na hakwenda kumvunjia kiota wala kumuuma. Yeye ni mwepesi zaidi wa kukusanya, tone likiwa dogo na kila mtu analitaka, yule anayejaza tumbo haraka akarudi nyumbani akalisha watoto ndo mwaka ujao ana malkia wengi.

ATHMAN: Kama yule wa viazi karai aliyekuja nyuma lakini mafuta yake yachemka haraka, wateja wa feri hawana muda, yule wa zamani akabaki kakaa na ndimu zake.

SWABRA: Hehe, na yule wa zamani hakufa njaa, alihamia mtaa mwengine au sivyo? Mjerumani vile vile. Ukitoka msituni, kwenye mashamba, malisho, mijini, sehemu kavu kidogo, bado yuko. Na upande wa kaskazini kwenye joto anafanya kitu ambacho Ulaya ni nadra mno, koloni lake halifi kipindi cha baridi. Kwao Ulaya baridi ikija wote wafa abaki malkia mpya peke yake. Huku baridi ni laini, kiota chingine kinaendelea mwaka wa pili, kinakuwa jumba. 1963 huko Waimauku, karibu na Auckland, walipata kimoja urefu mita 3.7.

ATHMAN: Hio ni tuktuk na inapita.

SWABRA: Hata vifaa vyao vya ujenzi si sawa. Mjerumani anakwaruza mbao ngumu iliyopigwa na jua, kiota chake kijivu. Wa nanga anapenda mbao iliyooza, kiota chake rangi ya chai ya maziwa. Alafu kule Ulaya wawili hawa wamekaa pamoja tangu zamani na hakuna aliyemmaliza mwenzake, lakini wingi wao kule haufiki huu wa Nyuzilandi.

ATHMAN: Kwa hivo kukaa pamoja si mapenzi.

SWABRA: Mapenzi wapi! Hata wa aina moja hawapendani, malkia akiamka msimu wa kujenga akaona mwenzake ashaanza kiota, aingia, wapigana, anayeshinda anachukua nyumba na watoto wa mwenzake wamlelea wake.

ATHMAN: Aka! Hii ni tamthilia ya saa mbili usiku.

SWABRA: Na kuna ya sisimizi, hii mi yanichekesha kila siku. Watafiti waliweka chakula chini msituni, sisimizi wa pale wakakijaa. Nyigu akija hataki kuwala wala kuwauma, kwa sababu sisimizi wana asidi yao ya kurusha. Basi anamshika mmoja kwa meno, anaruka naye kinyumenyume, anaenda kumdondosha kando huko, anarudi kula. Na sisimizi wakiwa wengi zaidi, ndo awapeleka mbali zaidi. Waliiandika 2011.

ATHMAN: Makanga yule! "Shuka, shuka, gari imejaa!" Lakini Swabra mi naona hii ni habari ya kunguru. Hawa kunguru tunaowaita kurabu si waliletwa Unguja miaka ya 1890 kula taka, 1947 wakafika hapa Mombasa, na yule kunguru wetu wa kifua cheupe sasa mpaka nitoke mjini ndo nimuone.

SWABRA: Yafanana lakini si hio hio. Hapa mgeni kamsukuma mwenyeji. Kule mgeni kamsukuma mgeni mwenziwe, na yule kasuku hakufaidi chochote, sukari yaibiwa vile vile, pengine zaidi. Ndo maana kuweka nyigu wa pili ukitumaini atampunguza wa kwanza ni ujinga. Na usidhani ni mbali, Mjerumani yuko Cape Town tangu 1974.

ATHMAN: Na dawa? Maana kunguru 2024 serikali ilisema itaondoa milioni moja, na huyu hapa dirishani.

SWABRA: Kule wanatumia chambo cha nyama nyama chenye sumu, nyigu abeba apeleke kiotani awalishe watoto. Nyuki hali nyama kwa hivo hakigusi. Yapunguza sana pale inapowekwa, ila mwaka wa pili warudia.

ATHMAN: Sawa. Kabla hatujafunga, kuna mskilizaji wa Likoni auliza, ana nyigu barazani, kiota kama mwavuli mdogo, awachome kwa gazeti?

SWABRA: Kiota chaonekana vishimo wazi, hakina ganda? Na nyigu ana kiuno kirefu chembamba?

ATHMAN: Asema kiuno cha nyigu hasa, kile cha kuimbiwa taarab.

SWABRA: Hao ni wetu, hawana neno na mtu ukiwaacha, wamlia viwavi wa mchicha bure. Asichome. Na makuti hayo juu ya baraza!

ATHMAN: Ee, makuti hakutaja lakini nshamjua ni nani, ngoja nimpigie sasa hivi.