Maji, Choo na Bakuli la Wali: Maisha ya Watu wa Edo

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Nikiulizwa Wajapani waliishije kabla ya viwanda, yaani kabla utawala wa ukoo wa Tokugawa haujaanguka mwaka 1868, mimi huanzia chooni. Wala si mzaha. Mkitaka kujua watu wa zamani waliishi vizuri au vibaya, msitazame kasri. Tazameni maji yalitoka wapi na taka zilikwenda wapi.

Mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, katika karne ya 18 ulikuwa na watu kama milioni moja. Wengi wa watu wa kawaida walipanga katika nyumba ndefu za mbao zilizogawanywa vyumba, zikiitwa nagaya. Chumba cha kawaida kilikuwa na upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 3.6, pamoja na sehemu ya kupikia. Asubuhi matandiko yanakunjwa, na chumba kilichokuwa cha kulala kinakuwa karakana ya fundi. Kisima cha wote, choo cha wote, uani.

Choo hicho kilikuwa mali. Wakulima wa vijiji vya jirani walikuja na ndoo, wengine na mashua, wakazoa kinyesi kwa ajili ya mashamba yao na kukilipia kwa fedha au kwa figili na biringanya. Mpangaji hakuiona fedha hiyo, ilimwendea msimamizi wa nyumba. Kule Osaka hesabu ilikuwa ya kina zaidi: kinyesi ni haki ya mwenye nyumba, mkojo ni haki ya wapangaji, na vyote viwili vina mnunuzi. Kitu chenye bei nani atakimwaga mtoni? Ndiyo maana mito ya Edo ilibaki safi kuliko Thames ya London, na sababu haikuwa kwamba Wajapani walizaliwa wakipenda usafi. Mbolea ilikuwa adimu. Mifugo ilikuwa michache, na ardhi ile ile ililimwa mwaka baada ya mwaka.

Na maji? Mwaka 1653 walichimba mfereji wa Tamagawa, kilomita 43 kutoka Hamura hadi Yotsuya. Katika safari yote hiyo ardhi inashuka mita zipatazo 92 tu, na maji yalitembea kwa mteremko huo bila pampu. Mjini yaliingia katika mabomba ya mbao yaliyofukiwa ardhini. Kwa hiyo kile kisima cha uani mara nyingi hakikuwa na chemchemi chini yake, kilikuwa tangi la kupokea maji ya mto wa mbali. Mimi kila nikiitazama ramani ya mfereji ule, nawavulia kofia waliouchimba.

Lakini afya haiishii kwenye maji. Mtu wa Edo alijivunia wali mweupe, mchele uliokobolewa mpaka pumba zote zimetoka. Wali huo ndio uliomtia ugonjwa: miguu kufa ganzi, mwili kuvimba, mwisho moyo kushindwa. Waliuita maradhi ya Edo, kwa sababu mgeni aliyeugua mjini alirudi kijijini kwake akapona. Sisi tunauita beriberi. Shogun Iemochi mwenyewe, yaani mtawala wa nchi wa ukoo ule wa Tokugawa, alikufa kwa ugonjwa huo mwaka 1866, akiwa na miaka 20. Mkulima aliyelipa kodi kwa mchele, naye akabaki na shayiri, mtama na ulezi, mara nyingi alisalimika. Mwaka 1910 mwanakemia Suzuki Umetaro alipoitoa dawa ya beriberi katika pumba za mchele, zile zile zilizokuwa zikitupwa nje ya wali wa mjini, ndipo fumbo hilo likaanza kufumbuka.

Msidhani basi kwamba kijijini kulikuwa na nafuu. Njaa kubwa ziliwakumba mwaka 1732, tena miaka ya 1780, tena miaka ya 1830, na watoto wachanga waliuawa kwa desturi waliyoiita mabiki, neno la mkulima anayepunguza miche ili iliyobaki ikue.

Kuna njaa moja ambayo wengi hawaisemi. Hachinohe, kaskazini kabisa mwa kisiwa kikuu, watu walifyeka na kuchoma misitu kupanda soya, kwa kuwa Edo ilitaka soya ya kutengenezea miso (rojo ya soya iliyochachushwa), mchuzi wa soya na tofu (jibini ya soya). Udongo ulipochoka waliacha shamba na kufyeka jingine. Katika yale mashamba yaliyoachwa yakaota magugu yenye mizizi minono, na nguruwe mwitu wakala, wakazaana kupita kiasi. Mwaka 1749 mazao yaliharibika kwa baridi, na kile kidogo kilichosalia wakakimaliza nguruwe. Watu wakafa kwa maelfu. Hadi leo wenyeji wanaiita njaa ya nguruwe.