Mkaapweke Aliyenyweshwa Maziwa na Jirani Zake

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu zangu, kila nikizungumzia wakaapweke naulizwa lile lile: mtu mzima, mwenye nguvu zake, anajitenga kusali; anamfaa nani? Ni swali la haki. Jioni hii nitalijibu kwa kumtazama Mtakatifu Charles de Foucauld.

Alizaliwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1858. Alikuwa ofisa wa jeshi. Imani aliipoteza ujanani, akairudia mwaka 1886. Akawa mmonaki Mtrapisti, akatoka monasterini, akawa mtumishi wa masista Waklara kule Nazareti, na mwaka 1901 akapewa upadre. Mwaka 1905 akafika Tamanrasset, Algeria, akaishi kati ya Watuareg, wafugaji wa jangwa la Sahara.

Krismasi ya mwaka 1907 hakuadhimisha Misa. Sheria za wakati ule zilidai awepo walau Mkristo mmoja wa kuitikia, naye hakuwa na hata huyo. Fikirini: padre amevuka jangwa ili Ekaristi ifike huko, kisha usiku wa Noeli unampita bila Misa! Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu, na akiba yake alikwisha kuwagawia wenye njaa. Januari akaanguka kitandani, akidhani anakufa.

Waliomwokoa ni Watuareg, watu wa Uislamu. Walizunguka kilomita kadhaa wakitafuta kila mbuzi aliyebakiwa na maziwa kidogo katika ukame ule, wakakamua, wakamletea.

Hapo ndipo ninapouona moyo wa wito huu. Mpaka siku zile yeye ndiye aliyekuwa mtoaji. Sasa amelala, hana kitu, na uhai wake umo mikononi mwa watu aliokuja kuwahudumia. Upweke haukumtenga nao. Ulimvua kila kilichomweka juu yao. Nasikitika kwamba katika mafungo yetu tunahimizana sana kutoa, lakini kupokea hatukufundishi.

Aliuawa tarehe 1 Desemba 1916, bila mfuasi hata mmoja wa kuishi naye. Ndugu Wadogo wa Yesu, shirika linalofuata mfano wake, walianza mwaka 1933, na Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Siku hizi kanuni ya 603 ya Sheria za Kanisa, ya mwaka 1983, inamtambua mkaapweke anayeweka nadhiri mikononi mwa askofu wa jimbo, hata kama si wa monasteri yoyote. Akija mmoja parokiani kwenu, kabla ya kumpelekea nia zenu za kuombewa, mwulizeni kwanza kama ana chakula.